Sura ya Sita: Baiskeli za Zama za Roketi

Mwishoni mwa mwaka 1946 London ilikuwa bado na vifusi vya mabomu, na chakula kiligawiwa kwa kadi. Hata hivyo watu walipanga foleni ndefu nje ya jumba la makumbusho la Victoria and Albert ili kutazama viti, masufuria, redio na nguo ambazo wengi wao wasingezikuta madukani, kwa kuwa bidhaa bora za nchi hiyo zilikuwa zikipelekwa nje kutafuta fedha za kigeni. Maonyesho hayo yaliitwa Britain Can Make It, na watu zaidi ya milioni 1.4 waliyahudhuria. Kati ya vitu walivyoviona ilikuwamo baiskeli isiyofanana na yoyote waliyowahi kuipanda. Haikuwa na mabomba yaliyounganishwa kwa pembetatu. Mwili wake ulikuwa ganda la aluminiamu, tupu ndani, lililoanzia kwenye usukani, likajipinda kupita chini ya siti na kuteremka kulifunika gurudumu la nyuma. Badala ya mnyororo ilikuwa na shafti. Ndani ya kitovu cha gurudumu mliwekwa dinamo ya kuhifadhi nguvu wakati wa kuteremka mlima na kumrudishia mpandaji nguvu hiyo wakati wa kupanda.

Aliyeibuni ni Benjamin Bowden, mzaliwa wa London wa mwaka 1906, msanifu wa magari aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya Humber na kushiriki kuchora umbo la gari la Healey Elliott. Wenye viwanda waliipenda, wakaipigia hesabu, wakaiacha, maana mitambo ya kuitengenezea ingegharimu mno. Jaribio la kuitengeneza Afrika Kusini nalo halikufika popote.

Ukimwonyesha mtu picha ya baiskeli hiyo leo bila maelezo, karibu kila mara atajibu kwamba ni ya mwaka 1960 au zaidi. Ina sura ya chombo cha angani. Lakini ilisimama mbele ya watu wa London miaka 11 kabla setilaiti ya Sputnik haijarushwa tarehe 4 Oktoba 1957, wakati ambapo hakuna kitu kilichotengenezwa na binadamu kilichokuwa kimewahi kuizunguka dunia.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ya kukadiria umri wa baiskeli hizi ulipo. Baiskeli za zama za roketi hutambuliwa kwa macho, na macho ndiyo yanayokosea. Mapezi, taa pacha, matangi yaliyochongoka na majina ya anga ni mapambo, na mapambo huweza kuzitangulia au kuzifuata zama zake kwa miaka mingi. Umri wa kweli umo katika sehemu ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuzionea fahari: kitovu cha nyuma, upana wa tairi, herufi mbili zilizogongwa kwenye chuma, anwani iliyochapwa kwenye stika inayobanduka.

Sehemu kubwa ya hadithi hii ni ya Marekani, na sababu yake ni soko. Uingereza, Uholanzi, India na pwani ya Afrika Mashariki, baiskeli ilikuwa chombo cha mtu mzima kwenda kazini na kubebea mzigo. Marekani mtu mzima alikuwa na gari, na baiskeli ikabaki mali ya mtoto. Mtoto huyo hakutaka wepesi wala keria imara. Alitaka kitu kinachofanana na pikipiki, gari au ndege ya baba, na viwanda vikampa. Kufikia miaka ya 1930 baiskeli za huko zilikuwa zikipachikwa tangi la bati katikati ya mabomba mawili ya juu, mfano wa tangi la mafuta la pikipiki, ingawa halikubeba kitu zaidi ya honi na betri za taa. Tangi hilo ndilo lililogeuka kuwa uwanja wa kuchorea ndoto za kila kizazi.

Mwanzoni ndoto ilikuwa ndege na treni ya kasi. Elgin Bluebird, iliyouzwa na maduka ya Sears katikati ya miaka ya 1930, ilikuwa na kipima mwendo ndani ya tangi. Kampuni ya Monark ya Chicago ilitoa Silver King yenye fremu ya aluminiamu. Mwaka 1939 Viktor Schreckengost, mchongaji na mfinyanzi wa Ohio ambaye alikuja kuichorea kampuni ya Murray baiskeli na magari ya watoto kwa miongo kadhaa, alibuni Mercury Pacemaker, na baiskeli hiyo ikaonyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Mistari yake inakimbia kuelekea nyuma, madigadi yake yana umbo la tone la maji. Mara nyingi baiskeli ya namna hii huletwa sokoni leo ikiwa na kibandiko cha "miaka ya hamsini, zama za anga". Imepewa ujana usioustahili wa zaidi ya miaka 10, na katika biashara ya vitu vya kale kosa hilo humuumiza muuzaji mwenyewe, kwa kuwa ya 1939 ni adimu zaidi.

Tairi huliondoa kosa hilo haraka. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilileta katika baiskeli za Marekani tairi nene la upana wa inchi 2.125 kwenye gurudumu la inchi 26, nalo likatawala kwa zaidi ya miaka 20. Kuelekea mwaka 1955 lilitokea tairi la wastani, inchi 1.75, na Schwinn Corvette ikawa miongoni mwa za kwanza kulivaa. Karibu baiskeli zote zenye majina ya roketi na sayari zilikuja na tairi hili la pili. Fremu iliyojengwa kwa tairi la 2.125 huonekana kwa nafasi pana iliyoachwa kati ya miguu ya uma, hata kama mmiliki alishabadilisha magurudumu. Schwinn waliongeza mtego wao: rimu zao za aina ya S-7 huchukua tairi lililoandikwa 26 x 1¾, ambalo haliingii kwenye rimu ya 26 x 1.75, ijapokuwa kwa hesabu ya darasani ni namba ileile. Rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 571 mahali tairi linapokaa, ya pili 559. Mtu aliyelazimisha tairi moja kwenye rimu ya nyingine anajua tofauti ya milimita 12 inavyoweza kuharibu siku nzima. Lakini mpimaji wa umri hushukuru, kwa kuwa rimu ya S-7 ikiwa bado ipo, inataja kabila la baiskeli kabla hajageuza fremu kutafuta namba.

Baada ya tairi huja suala la nani aliyeitengeneza, na hapa nembo ya mbele hupotosha zaidi kuliko kusaidia. Nembo nyingi zilikuwa za maduka. Western Flyer lilikuwa jina la maduka ya Western Auto, Hawthorne la Montgomery Ward. Sears walianza na Elgin, wakaja na J. C. Higgins, kisha katika miaka ya mwanzo ya 1960 wakaliacha jina hilo na kuandika Sears tu. Huyo Higgins alikuwa mtu kweli, mfanyakazi wa miaka mingi wa ofisi ya hesabu ya kampuni, na hakuna baiskeli aliyowahi kuiunda. Kwa hiyo baiskeli ya modeli ya Flightliner yenye nembo ya J. C. Higgins ni kubwa kiumri kuliko Flightliner yenye neno Sears, ingawa zikiegeshwa pamoja zinaweza kuonekana pacha. Namba ya modeli ya Sears nayo inataja kiwanda: ikianza na 502, baiskeli ilitoka kwa Murray. Ndivyo inavyojulikana kwamba Spaceliner, ile ya katikati ya miaka ya 1960 ambayo matoleo yake ya kifahari yalichovywa kromu fremu nzima, ni mtoto wa kiwanda cha Murray na ndugu wa damu wa Astro Flite iliyouzwa kwa jina la Murray wenyewe.

Viwanda vilihama, na kuhama kwao kumeacha alama. AMF, waliotengeneza Roadmaster na Skyrider, walirithi kazi ya kiwanda cha mjini Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakaihamishia Little Rock, Arkansas, na mwaka 1962 wakahamia kiwanda kipya Olney, Illinois. Nembo inayotaja Olney kwa hiyo haiwezi kuwa ya mwaka 1958, hata muuzaji aape kwamba marehemu babu yake aliinunua mwaka huo.

Kuhusu kauli za familia, zisikilizwe kwa heshima lakini zisipewe neno la mwisho. Mtu hukumbuka Krismasi, hukumbuka theluji na rangi nyekundu, na huikosea miaka. Tena baiskeli ingeweza kukaa dukani misimu miwili kabla haijapata mnunuzi. Kumbukumbu ya familia inafaa zaidi kwa swali jingine: ni vipuri gani vilibadilishwa na kwa nini.

Ushahidi bora wa karatasi ni anwani. Huduma ya posta ya Marekani ilianza kutumia namba za eneo za tarakimu 5 tarehe 1 Julai 1963. Kabla ya hapo miji mikubwa iliandikwa na namba fupi ya kanda. Schwinn walikuwa "Chicago 39", kisha wakawa "Chicago, Illinois 60639". Kitabu cha maelekezo, kadi ya dhamana au stika ndogo chini ya siti yenye tarakimu 5 imekwisha kulikata shauri la kama baiskeli ni ya kabla au baada ya 1963. Vivyo hivyo jina la kampuni: hadi katikati ya miaka ya 1960 lilikuwa Arnold, Schwinn & Company, kumbukumbu ya Adolph Arnold aliyeshirikiana na Ignaz Schwinn kuianzisha mwaka 1895, na mwaka 1967 likawa Schwinn Bicycle Company.

Namba za hataza ni hazina nyingine inayopuuzwa. Hugongwa kwenye breki, taa, kengele, siti, hata kwenye kofia ya kipima mwendo. Hataza ya Marekani namba 2,000,000 ilitolewa mwaka 1935, na ya 3,000,000 Septemba 1961. Kipuri chenye namba ya tarakimu 7 inayoanza na 3 hakikuwapo katika majira ya joto ya mwaka 1961. Kinyume chake si sheria: namba ya mwaka 1938 ingeweza kuendelea kugongwa kwenye kipuri kilekile miaka 15 baadaye. Hataza husema baiskeli haiwezi kuwa na umri unaozidi kiasi fulani. Haisemi ni changa kiasi gani, na wauzaji wengi huigeuza hoja hii kichwa chini ili mali yao ionekane ya kale.

Namba ya fremu ndiyo kila mtu huikimbilia kwanza, na kwa Schwinn ina faida kubwa. Kumbukumbu za namba za kabla ya mwaka 1948 ziliteketea kwa moto, lakini za baadaye zipo. Kuanzia mwaka 1965 mfumo ukawa mwepesi: herufi ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka. A katika nafasi ya pili ni 1965, B ni 1966, na kuendelea hadi H ya 1972. Herufi I inarukwa, kwa hiyo J ni 1973. Fremu iliyogongwa CD na tarakimu nyuma yake ilipigwa mhuri Machi 1968. Hadi mwaka 1970 namba hiyo hukaa upande wa kushoto nyuma, pale ekseli inapoingia kwenye fremu, na mara nyingi imefunikwa na grisi ngumu na tabaka mbili za rangi. Mwaka 1970 ilihamishiwa mbele, kwenye bomba la usukani, karibu na mahali uma unapoingilia. Mahali ilipo namba pekee panatosha kuigawa miaka hiyo, hata kutu ikiwa imeila nusu ya tarakimu.

Ila mhuri ulipigwa kwenye chuma kitupu. Fremu ingeweza kungoja wiki au miezi kabla ya kupakwa rangi, kuunganishwa na kusafirishwa. Baiskeli yenye mhuri wa Novemba huweza kwa haki kabisa kuwa na vipuri vya Februari mwaka uliofuata, na mkusanyaji anayevibandua kutafuta "vya asili" anaiharibu kwa mikono yake. Kiwanda hakikujenga kwa ajili ya wanahistoria. Kilitumia boksi la vipuri lililokuwa karibu.

Ndiyo maana kitovu cha gurudumu la nyuma kinastahili kutazamwa polepole. Baiskeli hizi nyingi zilisimama kwa kurudisha pedeli nyuma, na kazi hiyo ilifanywa ndani ya kitovu cha New Departure au cha Bendix. Vitovu vya Bendix vya miaka ya 1960 huvaa mikanda ya rangi, nyekundu, njano au buluu, iliyopakwa kuzunguka mwili wa kitovu. Ikionekana kwenye baiskeli inayodaiwa kuwa ya 1952, ama gurudumu si lake, ama mwaka si wake. Kwa baiskeli zilizotoka Uingereza kazi ni rahisi mno. Sturmey-Archer wa Nottingham waligonga mwaka na mwezi kwenye vitovu vyao vya gia tatu: AW, kisha 62, kisha 3, maana yake Machi 1962. Kwa msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja hili si jambo la mbali. Raleigh za zamani zenye gia tatu bado zipo mitaani na kwenye nyua za nyumba za urithi, na kitambaa chenye mafuta ya taa kikipitishwa katikati ya spoku za nyuma, tarehe hujitokeza yenyewe. Watu wamekaa na baiskeli ya mzee wao miaka 40 wakibishana umri wake, na jibu lilikuwa limeandikwa wakati wote chini ya vumbi.

Rifleketa hufunga hesabu upande wa pili. Masharti ya usalama ya serikali ya Marekani yaliyoanza kutumika mwaka 1976 yaliagiza ziwekwe mbele, nyuma, kwenye pedeli na kwenye magurudumu. Pedeli zenye rifleketa za rangi ya chungwa kwenye baiskeli ya 1964 zina maana kwamba mtu alivunja za kwanza akanunua nyingine. Si aibu. Ni historia ya baiskeli hiyo, na inafaa kuandikwa kama ilivyo.

Wakati mwingine si chuma kinachotoa tarehe bali teknolojia iliyowekwa ndani yake. Mwaka 1955 kampuni ya Huffman ya Dayton, Ohio, mji ambao Orville na Wilbur Wright walikuwa na duka la baiskeli kabla ya kurusha ndege, ilitoa Huffy Radiobike. Tangi lake lilikuwa redio kamili, na betri yake ilibebwa kwenye keria. Redio hiyo ilifanya kazi kwa vali za kioo. Mwishoni mwa mwaka 1954 tu, redio ya kwanza ya transista ya mfukoni, Regency TR-1, ilikuwa imeingia madukani, na katika muda mfupi vali kwenye chombo cha mkononi zikaonekana mzigo. Radiobike iko kwenye dirisha hilo jembamba, ambamo mtoto angeweza kuona redio kwenye baiskeli kuwa ndiyo kesho yenyewe, ilhali kesho ya kweli ilishafika ikiwa ndogo kuliko kiganja. Kati ya baiskeli zote za kizazi hiki, hii ndiyo inayoeleza zaidi jinsi watu wa wakati wake walivyoifikiria safari ya mbele: kila kitu kilekile, ila kwa umeme.

Bowden naye hakuwa amekata tamaa. Alihamia Marekani, na mwaka 1959, akiishi Muskegon, Michigan, alikutana na mtu wa kampuni ya kufinyanga plastiki aliyemshauri aachane na aluminiamu na kutumia faiba, ileile inayotengenezea boti. Ushauri huo uliifufua baiskeli yake na pia kuipunguza. Shafti iliondoka, mnyororo wa kawaida ukaingia. Dinamo ya kuhifadhi nguvu iliachwa. Kilichobaki ni umbo, na jina jipya lililochaguliwa kwa makusudi wakati magazeti yamejaa habari za mashindano ya kwenda angani: Spacelander.

Ilitoka mwaka 1960 kutoka kampuni ya Bomard Industries ya Grand Haven, Michigan, katika rangi tano zenye majina ya kishairi, mojawapo Outer Space Blue, nyingine Cliffs of Dover White, kumbukumbu ya majabali meupe ya nchi aliyotoka Bowden. Ilikuwa na taa mbili mbele zilizozama ndani ya ganda na mbili nyuma. Bei yake ilikuwa dola 89.50, ghali mno kwa kitu cha mtoto, na faiba haikustahimili vishindo ambavyo mtoto huipa baiskeli. Wauzaji wa kawaida hawakujua waiweke wapi. Fedha za msambazaji ziliyumba, utengenezaji ukaharakishwa, kisha ukasimama. Zilizosafirishwa zote zilikuwa 522, ingawa seti nyingine za vipuri zilikwisha kutengenezwa.

Idadi hiyo ndogo, pamoja na vipuri vilivyobaki, imeifanya Spacelander kuwa mtihani mgumu kuliko yote. Jumba la makumbusho la Brooklyn mjini New York lina yake. Soko la wakusanyaji lina nyingi zaidi, kwa kuwa katika miaka ya 1980 haki za jina zilichukuliwa na nakala mpya za faiba zikatolewa. Nakala hizo hazikuwa hila; ziliuzwa kama nakala. Tatizo huja pale zinapopita mikono mitatu na maelezo yakapotea njiani. Umbo halisaidii hapo, kwa sababu umbo ndilo lililonakiliwa. Kinachosaidia ni mambo yaleyale ya kawaida: kitovu, pedeli, gia ya mbele, mnyororo, nati, taa, tairi. Ganda la mwaka 1960 huwa na nyufa nyembamba kama nywele mahali penye mzigo, hasa pedeli zinapoingilia na ekseli zinapokamatia, na rangi iliyopauka pasipo usawa, zaidi upande uliopigwa na jua. Ganda lililo safi pande zote linahitaji maswali mengi. Akipatikana muuzaji anayekataa gurudumu la nyuma lisifunguliwe, mazungumzo ya bei yaishie hapo.

Ng'ambo ya pili, nchi iliyorusha Sputnik ilikuwa na baiskeli yenye jina hilo pia, kazi ya kiwanda cha Kharkiv. Haina pezi wala tangi. Ni baiskeli ya michezo yenye usukani uliopinda na gia za kubadilisha, na isingekuwa jina, ingefikiriwa ni ya nchi yoyote ya Ulaya. Wenye chombo angani hawakuhitaji kukiiga kwenye madigadi. Uingereza, Alex Moulton, mhandisi aliyebuni springi za mpira za gari la Mini, alizindua mwaka 1962 baiskeli ya magurudumu ya inchi 16 yenye springi mbele na nyuma. Hiyo haikuvaa mapambo yoyote ya roketi, lakini kwa maoni ya mwandishi wa sura hii ilikuwa ya zama zake kuliko Spaceliner kumi, kwa kuwa iliuliza upya baiskeli inavyopaswa kujengwa. Wakusanyaji wa Marekani huiweka pembeni kwa kuwa haing'ai. Wanakosea.

Kisha ndoto ikabadilika, na kwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Al Fritz wa Schwinn alisikia kwamba watoto wa kusini mwa California wanafunga usukani mrefu na siti ndefu yenye umbo la ndizi kwenye baiskeli ndogo za inchi 20. Mwaka 1963 Schwinn wakatoa Sting-Ray kwa dola 49.95, na Huffy wakatoa Penguin yenye sura hiyohiyo. Tangi halikuwa na nafasi tena, na lilipoondoka liliondoka na roketi zake. Mwaka 1968 zikaja Krate, zenye gurudumu la inchi 16 mbele na 20 nyuma, springi kwenye uma na mkono wa gia juu ya bomba la fremu kama wa gari la mashindano. Wakati Apollo 11 inatua mwezini tarehe 20 Julai 1969, mtoto wa Marekani alikuwa anaota kuhusu injini na moshi wa matairi. Baiskeli za anga zilikuwa zimemaliza kazi yake kabla mtu hajakanyaga mwezi, na baiskeli yenye jina la sayari inayodaiwa kuwa ya 1970 inapaswa kuchunguzwa mara mbili.

Rangi za Krate zenyewe ni kalenda. Orange Krate, Apple Krate na Lemon Peeler ni za mwaka 1968. Cotton Picker nyeupe iliingia 1970, Grey Ghost 1971, na ukoo wote ukakoma 1973. Cotton Picker yenye fremu iliyogongwa herufi ya mwaka E ni fremu ya 1969 iliyopakwa rangi upya, au fremu ya mwisho wa mwaka iliyosubiri modeli mpya. Mwezi wa mhuri ndio utakaoamua. Na kuna marudio: Schwinn walitoa upya baiskeli yao ya zamani ya Black Phantom mwaka 1995 kusherehekea miaka 100 ya kampuni, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakazirudisha Krate. Zile za mwanzoni kabisa mwa marudio hayo sasa zina umri wa kutosha kuwa na kutu ya kweli, mpira uliokauka na kromu iliyopata madoa, kwa hiyo uchakavu peke yake hauthibitishi kitu. Namba za fremu za marudio hayo hazifuati mfumo wa herufi mbili wa Chicago, na hapo ndipo pa kuanzia. Isugue sehemu hiyo kwa kitambaa na mafuta mepesi, usitumie msasa wala brashi ya waya, maana mhuri wa Schwinn haukugongwa kwa kina, na tarakimu ikishafutika hakuna karatasi ya kiwandani itakayoirudisha.